Kadi ya Wi-Fi Ina Namba Yake

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja, kuhusu Wi-Fi inayogoma kwenye laptopu za Linux, mbele ya walimu, wahitimu wa kidato cha sita na mafundi wenzangu, katika darasa tuliloazimwa Mwanga, Kigoma. Nimeyaandika kwa sababu wengine walisikilizia madirishani, na amri za kompyuta ukizinakili kiganjani kwa kalamu zinafutika kabla hujafika nyumbani.

Shikamooni wazee wangu. Walimu, asanteni kwa darasa. Vijana, naona wengine mmekuja na laptopu zenu kwapani kama mtu anayempeleka mgonjwa zahanati. Mnivumilie kidogo. Sitagusa mashine ya mtu kabla sijamaliza kusema, maana nikigusa moja tu hamtanisikiliza tena.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili wa ufundi kijana mmoja aliniletea laptopu ya mtumba. Tulikuwa tumeiwekea Ubuntu, moja ya mifumo ya Linux, kila kitu kinakwenda, muziki unapiga, skrini safi, ila Wi-Fi hakuna. Nikaiangalia kama dakika tano, nikatamka kwa sauti ya daktari bingwa: kadi imekufa hii. Tukaagiza nyingine Dar. Kijana akakaa wiki mbili anasubiri. Kadi ikaja, nikafungua mashine, nikaifunga kwa makini, nikawasha. Wi-Fi kimya vilevile. Nilipokuwa naigeuza kwa hasira nikakiona pembeni kidude kidogo kama ukucha, kimesukumwa upande wa kuzima. Nikakirudisha. Wi-Fi ikawaka. Nikarudisha kadi ya zamani, nayo ikawaka.

Mmecheka. Mimi sikucheka, nilirudisha hela ya watu.

Kariakoo fundi akikosea kadi, anavuka barabara anabadilisha. Sisi tuko mwisho wa reli. Reli hii ilifika hapa mwaka 1914, na kutoka Dar ni kilomita zipatazo 1,250. Kila kifaa tunachoagiza kwa kubahatisha kinalipiwa nauli, na kikija siyo, kinalipiwa nauli tena. Kwa hiyo leo sikuja kuwafundisha dawa. Nimekuja kuwafundisha kumuuliza mgonjwa. Linux ina sifa moja ninayoipenda kuliko zote, hata kuliko kuwa ya bure: inaandika kila kinachoisumbua. Sisi ndio hatusomi.

Linux yenyewe nitaigusa kwa ufupi, wengi mnaijua. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo endeshi, ile kerneli, akawaachia watu wote waisome na kuirekebisha. Ubuntu, Debian, Mint na nyinginezo zimejengwa juu yake. Sisi tunaipenda kwa kuwa inafufua laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 ambayo Windows mpya inaishinda, na kwa kuwa virusi vya kwenye flashi za kuchapishia mitihani haviisumbui. Kinachotuhusu leo ni hiki: kwenye Windows, draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa, unapewa na kampuni iliyokitengeneza. Kwenye Linux, draiva nyingi zimo ndani ya kerneli tayari. Kwa hiyo anayezunguka mjini kutafuta CD ya draiva anatafuta kitu ambacho huenda anatembea nacho.

Sasa tumuulize mgonjwa. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

lspci -nnk

Yatakuja maandishi mengi. Usiogope, tafuta mstari wenye maneno Network controller. Mwishoni mwa mstari huo, ndani ya mabano ya mraba, kuna namba mbili zimetenganishwa na nukta mbili, mfano 14e4:4365. Hiyo ndiyo namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ya kadi yako. Sehemu ya kwanza ni ukoo, yaani kampuni: 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, ambayo sasa iko chini ya Qualcomm, na 8086 ni Intel. Hiyo ya Intel waliichagua kwa makusudi, 8086 ni jina la prosesa yao ya mwaka 1978. Sehemu ya pili ni mtoto mwenyewe. Hiyo 4365 ya ukoo wa Broadcom ni kadi iitwayo BCM43142, na mtaiona sana kwenye laptopu za mtumba.

Kwa nini nasisitiza namba? Kwa sababu jina lililoandikwa kwenye mfuniko wa laptopu halikuambii kadi. Laptopu mbili za toleo moja, rangi moja, zimetoka kiwanda kimoja, moja ina Intel ndani, nyingine ina Realtek. Ukimwambia mtu "mimi nina laptopu fulani, Wi-Fi haishiki", akakutumia amri zilizomsaidia yeye, unakunywa dawa ya jirani. Nimepokea mashine ambazo mwenyewe alikuwa amezijaza draiva za aina tatu za makampuni tofauti, zinagombania kadi moja. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kufuta tu.

Kadi ikiwa ya kuchomeka kwenye USB, amri ni lsusb. Na ikiwa kadi haionekani kwenye lspci wala lsusb, hapo ndipo bisibisi inaruhusiwa. Ingia kwanza BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, uone kama haijazimwa humo. Kisha zima mashine, toa betri, ichomoe kadi, uisafishe, uirudishe. Kama bado haionekani, haya, agiza Dar, na mimi sitakucheka. Lakini onyo: laptopu kadhaa za miaka ya nyuma zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS. Ukiweka kadi ambayo haimo, mashine inagoma kuwaka kabisa mpaka uitoe. Uliza kabla ya kulipa.

Turudi kwa kadi inayoonekana. Chini ya mstari wake kunaweza kuwa na mistari miwili. Kernel driver in use maana yake draiva imeishika kadi na inaiendesha. Ukiuona mstari huo na jina mbele yake, iwlwifi, ath9k, wl, rtw88 na kadhalika, basi acha kutafuta draiva! Unayo. Tatizo lako liko kwingine. Ukiona Kernel modules peke yake, draiva inajulikana lakini haijaishika kadi. Ukikosa yote mawili, kerneli yako haiijui kadi hiyo, na mara nyingi ni kwa sababu kerneli ni ya zamani kuliko kadi. Kuna kadi za Realtek ambazo kwenye Ubuntu ya miaka iliyopita zilikuwa mateso, na kwenye toleo jipya zinashika zenyewe bila mtu kugusa kitu.

Draiva imeshika na bado hakuna kitu? Soma shajara ya mashine:

sudo dmesg | grep -i firmware

Hapa nikae kidogo, kwa maana ndipo watu wengi wanapopotea. Kadi ya Wi-Fi ni kikompyuta kidogo ndani ya kompyuta. Ina prosesa yake. Ila kadi nyingi hazina akiba ya kuhifadhi programu yake zenyewe, kwa hiyo kila ukiwasha mashine, draiva inachukua faili kutoka folda ya /lib/firmware na kuimimina ndani ya kadi. Faili hiyo ndiyo femuweya. Draiva ni dereva, femuweya ni mafuta. Dereva anaweza kuwa amekaa, mikono kwenye usukani, na gari lisitoke stendi. Ukiona dmesg inalalamika kwamba imeshindwa kupakia femuweya, na mwishoni imeandika error -2, maana yake ni nyepesi mno: faili halipo. Haijasema kadi imekufa. Kwenye Debian utaweka kifurushi cha firmware-iwlwifi kwa Intel au firmware-realtek kwa Realtek. Kwenye Ubuntu vyote vimo ndani ya linux-firmware.

Mzee wangu pale mbele ameuliza kwa nini mfumo mzuri hivyo uje bila mafuta. Ni swali la haki. Femuweya nyingi ni mali ya makampuni, haziji na maandishi yake ya asili, na Debian ina msimamo wake juu ya programu huria, zile ambazo kila mtu anaweza kuzisoma na kuzirekebisha. Kwa miaka mingi diski yao rasmi ya kusakinishia haikuwa na femuweya hizo. Ukiisakinisha, unakuta Wi-Fi haipo, na ili uipate unahitaji intaneti, na intaneti yako ni Wi-Fi. Mwaka 2022 wakapiga kura wakakubali kuziweka, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuja nazo. Kwa hiyo ukipewa flashi ya Debian, uliza ni ya ngapi.

Broadcom walikuwa na kisa chao. Miaka ya mwanzo ya 2000 hawakutoa maelezo ya chipu zao kwa watu wa Linux. Watu wakaamua kujitegemea. Kundi moja likachambua draiva iliyofungwa, yaani isiyoonyesha maandishi yake ya asili, na kuandika maelezo ya jinsi chipu inavyozungumza; kundi jingine, ambalo halikuiona draiva ile, likaandika draiva mpya kutokana na maelezo hayo tu. Ndiyo b43 mnayoiona leo. Broadcom wenyewe walikuja kutoa draiva huria kwa baadhi ya chipu zao Septemba 2010. Lakini BCM43142 yetu haikuguswa na ukarimu huo. Inataka draiva iliyofungwa iitwayo wl, ambayo Ubuntu wameipa jina bcmwl-kernel-source na Debian broadcom-sta-dkms.

Haya, utaipakuaje bila intaneti? Simu. Chukua simu yoyote ya Android na waya wake wa USB, na uwe waya wa data, wale wa kuchaji tu hawafai. Chomeka, ingia mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Siyo hotspoti, hotspoti inataka Wi-Fi ileile unayoitafuta! Linux itauona waya huo kama kebo ya mtandao na kujiunga yenyewe, bila draiva wala nenosiri. Nimeona watu wakilala na tatizo siku tatu huku ufumbuzi uko mfukoni. Bando linauma, najua, kwa hiyo usibonyeze kusasisha kila kitu. Weka kile kifurushi kimoja tu. linux-firmware ni mamia ya megabaiti, wl yenyewe ni megabaiti chache, ila vifaa vyake vya kujijenga vinakuja juu yake. Na wenye Ubuntu, kabla ya kutumia hata shilingi ya bando, fungueni flashi mliyosakinishia, muingie folda ya pool, kisha restricted. Kwa matoleo mengi wl imo humo.

Kuna wanaoweka wl ikakubali kuwekwa, halafu ikagoma kupakiwa na kuleta ujumbe kwamba ufunguo umekataliwa. Huo ni mlinzi anayeitwa Secure Boot. Anazuia moduli, yaani draiva inayoongezwa kwenye kerneli, isiyo na saini anayoijua. Wakati wa kuweka draiva, Ubuntu ilikuomba utunge nenosiri, wewe ukaandika chochote ukasahau. Ukiwasha upya inatokea skrini ya buluu inayosubiri sekunde chache tu. Hapo uchague Enroll MOK na uandike nenosiri lile. Ukichelewa inapita, kimya, na wewe unabaki kulaumu draiva. Wengine huzima Secure Boot kwenye BIOS, na mimi pia hufanya hivyo kwa mteja mwenye haraka, ingawa sijisifu.

Sasa lile la aibu yangu. Amri yake:

rfkill list

Itakujibu maswali mawili kwa kila redio iliyomo, Wi-Fi na Bluetooth. Soft blocked: yes, ni programu imeizima, na unaiwasha kwa sudo rfkill unblock wifi. Hard blocked: yes, ni swichi ya mwili. Tafuta kidude pembeni, au kitufe chenye picha ya mnara kwenye safu ya F1 hadi F12, ukibonyeze pamoja na Fn. Kuna laptopu za Lenovo za IdeaPad ambazo hazina swichi yoyote na bado zinasema hard blocked, kwa kuwa moduli ya ideapad_laptop inasoma swichi isiyokuwepo. Iondoe kwa kujaribu, sudo modprobe -r ideapad_laptop, uone. Na wenye Windows na Linux pamoja: Windows tangu ya 8 ina uzimaji wa haraka ambao kwa kweli ni usingizi, na baadhi ya kadi zinaachwa zimefungwa humo. Ukitoka Windows chagua kuwasha upya, siyo kuzima, ndipo uingie Linux.

Nikiielezea rfkill huwa naikumbuka Liemba, ile meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Nani hapa hajaiona Liemba? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja na masanduku kwa meli mpaka Dar na kwa reli mpaka hapa, ikaunganishwa upya, ikaitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi wake kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba. Aliyeichungulia chini ya maji angeapa kwamba imekufa. Kumbe imezimwa na wenyewe, tena kwa utaratibu. Mashine ikikuambia blocked, haijakuambia dead.

Nimebakiza kundi la mwisho: Wi-Fi ipo, inashika, lakini inakwenda kama mtumbwi wenye tundu. Kwanza kuna kubana umeme. Ubuntu huilaza kadi kila inapopumzika ili kuokoa betri, na kadi nyingine zikilala haziamki vizuri. Fungua faili la default-wifi-powersave-on.conf ndani ya /etc/NetworkManager/conf.d, badilisha 3 iwe 2, anzisha upya NetworkManager, programu inayosimamia mtandao. Pili, kama mtandao wa ofisi simu inauona na laptopu haiuoni kabisa, tazama safu ya CHAN kwenye nmcli dev wifi list. Chaneli za 36 kwenda juu ni za 5 GHz, na kadi nyingi za zamani zinajua 2.4 tu. Hapo hakuna amri ya kukusaidia. Mwombe mwenye ruta awashe na ile nyingine.

Ya tatu ni antena, na hapa nina aibu ya pili. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu inayochemka. Nikafungua, nikasafisha feni, vumbi la Kigoma mnalijua, nikafunga. Kesho yake akarudi: Wi-Fi inashika akiwa amekaa juu ya ruta tu, akihama meza inakata. Nikajua ni draiva. Siku nzima na nusu nabadilisha draiva, naweka kerneli nyingine. Mwishowe nikaandika amri ambayo ningeiandika mwanzo, iw dev wlp2s0 link, wlp2s0 likiwa jina la kadi kwenye mashine ile, ruta iko hatua moja kutoka nilipo. Ikaandika signal: -84 dBm, dBm ikiwa kipimo cha nguvu ya mawimbi. Karibu hivyo na ruta inatakiwa iwe kama -40 hivi. Kadiri namba baada ya alama ya kutoa inavyokuwa kubwa, ndivyo mawimbi yalivyo dhaifu, na kwenye -84 ni kama unamsikiliza mtu wa ng'ambo ya ziwa. Hakuna draiva inayofanya hivyo ghafla usiku mmoja. Nikafungua. Waya mweusi wa antena, mwembamba kama uzi wa kushonea, uko pembeni ya kadi. Niliuchomoa mimi mwenyewe nikisafisha feni.

Ziko pia mashine zilizotoka kiwandani na antena moja tu, na draiva inasikiliza tundu lisilo na waya. Kadi ya Realtek RTL8723BE, namba 10ec:b723, inajulikana kwa hilo. Dawa yake ni kuandika options rtl8723be ant_sel=2 kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, na ikigoma ujaribu 1. Ila mmeona nimeanza na namba. Mwenye Intel akiweka hiyo hapati kitu.

Mwalimu amenyoosha mkono. Anauliza, kwa nini tusinunue tu kile kidude cha USB cha dukani tukaachana na haya yote? Mwalimu, nunua, sina ugomvi nacho, ila usinunue kwa kuangalia boksi. Vidude vyenye jina lilelile hubadilishwa chipu ndani toleo hadi toleo, na baadhi ya chipu hizo Linux haizijui. Chenye Atheros AR9271 kinakwenda vizuri, hata femuweya yake ni huria. Kadhaa za MediaTek nazo ziko ndani ya kerneli. Lakini njia ya uhakika ni kubeba laptopu yako mpaka dukani. Kichomeke, andika lsusb, jaribu kuunga na simu yako pale pale kaunta, ndipo utoe hela. Mwenye duka akikataa, nenda duka la pili.

Haya, nimemaliza upande wangu. Nani wa kwanza? Wewe dada wa dirishani, pita mlangoni, mpisheni. Iweke mezani. Hapana, usinipe mimi, kaa nayo wewe. Fungua teminali, andika lspci -nnk, halafu utusomee hiyo namba kwa sauti.